Gari Lililosagwa Kwenye Karatasi

Siku ambayo Spana hakurudi nyumbani ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, na mkewe alikuwa ameinamia cherehani akishona kava za viti vya gari la daktari wa meno. Spana alikuwa ametoka karakana kwenda ng'ambo ya barabara, dukani kwa Mzee Spea, kununua nati mbili. Alivuka kwenye mistari myeupe kama mtu mwenye adabu zake. Gari dogo la kijivu likashuka mteremko, dereva anapiga honi mfululizo huku anakanyaga breki, na breki hazipo.

Mzee Spea ndiye aliyekuja kumwita. Alisimama mlangoni na zile nati kiganjani, analia kama mtoto. Mke wa Spana akamtazama, akarudisha macho kwenye cherehani, akamalizia mshono uliobaki, kama shubiri moja hivi. Ndipo akasimama. Mpaka leo hajui kwa nini aliumalizia.

Mtaani walimwita Fundi Viti. Mumewe alitengeneza injini na breki, yeye alishona viti, na karakana yao ilikuwa vyumba viwili vyenye mlango mmoja wa bati. Mkate wao ulitoka kwenye magari makuukuu. Basi ungedhani serikali ilipoleta mpango wa kuyaondoa barabarani, wangeupinga wote wawili. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: mwenye gari lililozidi miaka ishirini analipeleka yadi, linakaguliwa, likionekana bovu linasagwa, naye anapewa hati ya punguzo ya kununulia gari lenye afya zaidi. Fundi Viti aliupinga. Spana aliushabikia kama timu ya mpira.

"Unakata tawi ulilokalia," mkewe alimwambia. "Hayo magari mapya yanakuja na viti vyao. Mimi nitashona nini? Mapazia?"

"Utashona mapazia ya watu walio hai," Spana akajibu. "Wewe unayaona magari haya kwa ndani, mke wangu, kwenye sponji. Mimi nayaona kwa chini. Ungeona ninachokiona, usingevuka barabara."

Walibishana hivyo miezi mizima, kwa ugomvi mtamu wa watu wasiokusudia kuachana. Mwishowe Spana akachukuliwa kuwa mkaguzi wa yadi, siku mbili kwa wiki, na mdogo wake akawa msimamizi wa yadi hiyohiyo. Kazi hiyo ya mdogo mtu, Spana ndiye aliyeipigia debe. Mdogo alinunua shati jeupe na kalamu ya kuchomeka mfukoni, na watu wakaanza kumwita Bosi.

Kwenye msiba Bosi alifanya kila kitu. Viti vilipopungua aliagiza vingine, mvua ilipotishia alileta maturubai, na jeneza lilipoinuliwa bega lake lilikuwa la kwanza. Siku ya nne, watu walipoanza kupungua, alimketisha shemeji yake pembeni.

"Shemeji, ajali haina kinga," alisema kwa sauti ya chini. "Yule dereva ni maskini mwenzetu. Mwenye gari ni bibi wa watu, nesi mstaafu. Tukianza kufuatilia mambo ya polisi tutamsumbua marehemu bure. Tuache yaishe."

Fundi Viti aliitikia kwa kichwa. Alidhani ni upole.

Lakini wiki ya tatu hasira ilimpanda, ikawa haimshuki. Akaulizia anakoishi yule nesi, akaenda, na njiani alikuwa akipanga matusi yake kama mtu anayepanga vyombo kabatini: hili litangulie, hili lifuate. Alifika akakuta nyumba ndogo yenye maua kwenye makopo, na gari la kijivu limesimama nje, kioo cha mbele kimepasuka. Polisi walikuwa wameshalikagua na kulirudisha.

Mwanamke mzima mwenye miguu iliyovimba akafungua mlango. Alimwangalia mgeni wake, nguo nyeusi na uso mkavu, akaelewa.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilitaka nije mimi, nikaona aibu. Nitukane, mdogo wangu, nimekaa tayari."

Nani anaweza kumtukana mtu wa namna hiyo? Matusi yote yalimwishia Fundi Viti kooni. Nesi akamweleza: gari alilinunua kwa dalali kwa kiinua mgongo chake, ili dereva amfanyie teksi apate cha kununulia dawa. Aliambiwa lina miaka tisa tu. Nyaraka zilionyesha miaka tisa.

"Na juzi," nesi akaendelea, "kaja bwana mmoja ana shati jeupe na kalamu mfukoni. Anataka anisaidie kulivuta gari, alipeleke likasagwe, asinitoze hata senti. Nikamwambia nitafikiri. Mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na mbili. Mtu akiwa na haraka ya kuondoa maiti, namwuliza maswali."

Fundi Viti aliomba ruhusa ya kukaa ndani ya lile gari kidogo tu. Alitaka kukaa ndani ya kitu kilichomuua mumewe, basi, hakuwa na hoja nyingine. Akafungua mlango, akaketi kiti cha dereva, na mkono wake ukakuta mshono.

Fundi Viti hutumia mkono wa kushoto. Mshono wake wa ukingoni hulala upande ambao mishono ya mafundi wengine hailali, na kila kona huirudia mara tatu kwa sababu kona ndiyo huanza kufumuka. Alipitisha kidole. Moja, mbili, tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: aliinama, akafungua vifungo chini ya kiti, akaigeuza kava ndani nje. Kila kava aliyoshona maishani aliiandika kwa ndani, kwa kalamu ya wino usiotoka, namba ya gari na mwezi, ili kava za wateja zisichanganyike. Maandishi yalikuwepo. Mwandiko wake. Namba haikuwa ile iliyobandikwa nje ya gari. Ilikuwa ya gari la mwalimu wa hesabu, ambalo lilikuwa jeupe, na ambalo mtaa mzima ulijua lilisagwa mwezi wa pili mwaka huohuo.

Walikuwa wamebadili rangi. Walikuwa wamebadili kibao cha namba, na namba ya chasi wamekwangua wakagonga nyingine. Viti waliviacha kama vilivyo, kwa kuwa kava zilikuwa nzuri bado.

"Umeona nini?" nesi aliuliza dirishani.

"Naomba unipe hii kava," Fundi Viti akasema. "Na gari hili usimpe mtu. Akija tena mwenye shati jeupe, mwambie umelipenda."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari sebuleni. Alisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Haiwezekani," alisema. "Gari moja haliwezi kuwepo kwenye seti mbili. Ama limesagwa, ama halijasagwa."

"Una karatasi?"

Mwalimu alikuwa na karatasi, tena kwenye faili lenye jina. Ya kwanza ilikuwa nakala ya njano ya fomu ya ukaguzi. Fundi Viti aliutambua mwandiko ule mnene, wa mtu aliyezoea kushika spana kuliko kalamu: *Breki zimekwisha. Chasi imeoza upande wa kulia. Lisirudi barabarani.* Chini yake sahihi ya mumewe. Karatasi ya pili ilikuwa cheti: gari lenye namba hii limesagwa tarehe hii mbele yangu. Chini yake sahihi ya Bosi, na mhuri wa yadi.

Alizitazama karatasi zile mbili ubavu kwa ubavu. Kaka alilifukuza gari barabarani, mdogo akalirudisha kwa mlango wa nyuma, nalo likaenda kumtafuta aliyelifukuza.

Mtu mwingine angekimbilia polisi siku ileile. Fundi Viti alikaa akafikiri. Bosi alikuwa anajuana na watu. Faili huweza kupotea, na kava ya kiti, nayo ni kitambaa tu, huweza kuliwa na moto. Zaidi ya hayo, na hili hakumficha hata Mungu, alitaka amwone usoni. Alitaka awepo, watu wawepo, na mahali pa kujificha pasiwepo. Baada ya siku tisa kulikuwa na mkutano wa wananchi ukumbini, kujadili kama mpango wa magari makuukuu uongezwe mwaka wa pili. Siku tisa si nyingi. Mshono mzuri hauharakishwi.

Siku ya nane, jioni, Bosi mwenyewe akaja. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake bila kuwaza.

"Shemeji, kesho nakuhitaji," alisema. "Wapinzani wengi. Yule mzee wa spea ana mdomo kama spika, na wenye teksi wamepanga kuzomea. Ukisimama wewe, mjane wa mkaguzi, ukasema marehemu aliupenda mpango huu, nani atafungua kinywa?"

"Niseme ukweli tu, au na mengine?"

"Ukweli unatosha."

"Basi nitasema, shemeji. Chai yako inapoa."

Alipoondoka, mama mkwe alitoka chumbani. Bibi huyo aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu yake. Alikuwa ameona mkamwana wake akiisugua kava kwa brashi siku tatu, bila mteja wa kuja kuichukua.

"Mkamwana, unanificha nini?"

Fundi Viti alimwambia. Hakupunguza kitu. Mama mkwe aliishika kava, akasoma namba kwa kidole, ingawa haikumwambia kitu.

"Una uhakika?"

"Mwandiko ni wangu, mama. Na sahihi ni yake."

"Hakujua kama lingemgonga kaka yake."

"Alijua lingemgonga mtu."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yanamwagika kwenye saruji.

"Nilizaa wawili," mama mkwe akasema. "Mmoja mmemfukia nikiangalia. Ukimpeleka huyu, nitabaki na nani?"

"Na mimi, mama."

"Wewe sikukuzaa."

"Najua."

"Subiri basi. Subiri mimi nife kwanza, ndio ufanye unalotaka."

"Mama, wewe una afya njema," alisema Fundi Viti. "Mimi siwezi kusubiri kiasi hicho."

Katika hali nyingine wangecheka wote wawili. Bibi alirudi chumbani, akafunga mlango, na ufunguo ukasikika.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani: mwenyekiti wa mkutano, afisa wa kike kutoka wizarani, na Bosi na shati lake jeupe. Maikrofoni ilikuwa inakoroma, kila msemaji akiipiga kofi kabla ya kuanza.

Mzee Spea alikuwa wa kwanza. "Waheshimiwa, mimi nauza vipuri mwaka wa arobaini. Mnasema gari likizeeka lisagwe. Sawa. Mimi nina miaka sabini na moja, goti moja halifanyi kazi. Nijipeleke yadi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sauti ikatoka nyuma: "Hati yako ya punguzo apewe nani, mzee?"

"Apewe mke wangu, anunue jipya!"

Kilipotulia kicheko, akasimama mwanamke muuza mboga mwenye pikapu. Yeye hakuchekesha. Alisema hati ile inapunguza robo tu ya bei, na robo tatu zilizobaki mtu kama yeye hazioni hata ndotoni, kwa hiyo mpango ni wa kuwapa wenye nacho. Mwenye teksi mmoja akadakia kwamba yeye alipata gari lenye afya kwa hati hiyohiyo, na sasa mafuta anayotia ni nusu, na mkewe ameacha kuogopa simu ikilia. Wakazomeana. Afisa akasoma takwimu: magari mia mbili na kumi na nne yamesagwa katika yadi hii peke yake. Bosi akapigiwa makofi, akainua mkono kidogo, kama mtu anayewaambia inatosha.

"Sasa," mwenyekiti akasema, "tumsikie mke wa marehemu mkaguzi wetu."

Fundi Viti alitembea mpaka mbele na mfuko wa nailoni mkononi. Hakuipiga maikrofoni kofi.

"Mume wangu aliupenda mpango huu," alianza. "Mimi niliupinga, kwa ajili ya tumbo langu. Alinishinda kwa hoja. Kwa hiyo sikuja kubishana. Nina swali dogo kwa shemeji yangu."

Bosi alitabasamu. "Uliza shemeji, uko kwenu."

"Hayo magari mia mbili na kumi na nne, uliyaona yote yakisagwa?"

"Yote. Mbele yangu. Mashine haiwashwi mpaka niwepo."

"Hakuna hata moja lililotoka?"

"Hakuna."

"Na la mwalimu wa hesabu? Lile jeupe. Marehemu aliandika lisirudi barabarani."

Hapo alisita, mtu asiyemjua asingeona. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na afisa wa wizara alikuwa amegeuza shingo, na njia ya mwongo ni fupi.

"Nalikumbuka vizuri," Bosi akasema. "Nililisaga kwa mikono yangu. Nakuapia kwa kaburi la kaka yangu."

"Ahsante," alisema Fundi Viti. "Hilo ndilo nililotaka uape."

Akafungua mfuko. Akaitandika kava juu ya kitambaa cha kijani, ndani nje, na juu yake akaweka karatasi ya njano, na juu ya ile ya njano akaweka cheti. Akaeleza polepole, kama anavyomweleza mteja bei: huu ni mshono wangu, kona hurudiwa mara tatu, hii ni namba ya gari la mwalimu, mwenyewe amekaa pale safu ya tatu, kava hii nimeivua kwenye gari la kijivu lililomuua mume wangu, mwenye gari ni nesi yule pale, na gari liko nje kwake, yeyote anaweza kwenda kulikwangua rangi. Chini ya kijivu atakuta nyeupe.

Mwalimu wa hesabu alisimama. "Nathibitisha," alisema tu, akakaa.

Bosi alikuwa amesimama pia. Jasho lilikuwa limeshalowesha kola. Aliinama karibu na Fundi Viti, akasahau kwamba maikrofoni ilikuwa katikati yao.

"Shemeji, haya ni mambo ya nyumbani. Tungeyamaliza nyumbani."

"Angefia nyumbani tungeyamaliza nyumbani," alijibu. "Amefia barabarani."

Maikrofoni ilikoroma, ikalipeleka neno hilo mpaka kwa watu wa madirishani. Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Viti vilianguka. Mzee Spea alipanda juu ya benchi, goti bovu na yote, akapaza sauti: "Niliwaambia! Mpango ni wizi! Mpango ufe!" na wengine wakaitikia, "Ufe!"

"Mzee, shuka utavunjika," Fundi Viti alimwambia. "Mpango haujanikosea kitu. Mimi nimemfuata mtu mmoja."

Lakini hakuna aliyesikia hilo. Afisa wa wizara alikuwa tayari ananong'ona kwenye simu, na askari wawili waliokuja kulinda mkutano walikuwa wamesogea, mmoja kila upande wa shati jeupe. Bosi alitazama huku na huku akitafuta uso wa kumwonea huruma. Alipofika kwenye uso wa shemeji yake, macho yakasimama hapo. Fundi Viti hakuyakwepa. Alisikia utamu, utamu hasa, kama maji ya baridi kwa mtu aliyekuwa juani siku nzima, wala hakujilaumu. Akamtazama hivyo mpaka alipotolewa mlangoni.

Utamu huo ulidumu njia nzima ya kurudi. Uliisha alipofungua mlango akamkuta mama mkwe ameketi sebuleni, amevaa viatu vya kutokea, mkoba magotini. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Wamempeleka wapi?" bibi aliuliza.

"Kituo kikuu."

"Nimtafutie blanketi. Usiku kuna baridi." Akaushika mkoba, akasema, "Nipeleke."

Fundi Viti alisimama mlangoni, mfuko mtupu mkononi. Angeweza kukataa. Miguu ya bibi isingefika kituo cha basi. Akaenda kabatini, akatoa blanketi, akalikunja mara nne, akampa mkono mama mkwe wake, wakatoka.

Uchunguzi umeonyesha magari thelathini na moja yaliyosagwa kwenye vyeti tu, na kumi na tisa kati yake hayajapatikana mpaka leo. Mpango umesimamishwa. Mzee Spea anasema biashara imechangamka, ila hasemi hivyo kwa sauti Fundi Viti akiwa karibu. Dalali ametoroka. Bosi alinyimwa dhamana, na kesi yake hutajwa kila baada ya Jumatatu mbili.

Siku hizo karakana haifunguliwi. Wanawake wawili hao hutoka asubuhi kwa teksi moja, mmoja akimshika mwenzake mkono kwenye ngazi za mahakama. Wakishaingia ndani, mama mkwe hukaa nyuma ya mshtakiwa, na Fundi Viti hukaa upande wa mashahidi.